MTUMWA NA MTUME

Masomo: Warumi 1:1; Waraka kwa Filemoni; Kumbukumbu la Torati 23:15-16



Leo tungependa kuanza na maneno mawili ya Kiswahili ambayo tumeyazoea hata hatuyatazami tena: mtumwa na mtume. Yote mawili yametoka katika shina moja, nalo ni kutuma. Mtumwa ni mtu anayetumwa huku na huku kwa mapenzi ya mwenziwe aliyemnunua. Mtume naye ametumwa, ila yeye amepewa ujumbe, na heshima ya kuubeba. Paulo alipowaandikia Warumi alijitaja kwa majina hayo mawili katika aya ya kwanza kabisa: kwanza mtumwa wa Kristo Yesu, ndipo mtume. Msomaji wa Kizungu hauoni undugu huo, maana katika lugha yake maneno hayo hayafanani. Sisi wa pwani tunausikia mara moja. Na hapa Mombasa, upande wa bara, palikuwa na watu waliousikia kuliko sisi, kwa kuwa lile neno la kwanza walikuwa wamelijua kwa migongo yao.

Jina la mtume siku hizi limekuwa rahisi. Pita Likoni, pita Changamwe, utaona mabango ya mikutano yenye picha ya mtu mwenye suti nzuri, na juu yake pameandikwa Mtume kwa herufi kubwa. Jirani zetu Waislamu wakisema Mtume wanajua wanamtaja nani, tena hulitaja jina hilo kwa adabu. Hatumsemi mtu yeyote. Tunaona tu kwamba Paulo hakulitumia hilo la pili kabla ya kulitanguliza la kwanza.

Basi, Paulo mwenyewe hakuwahi kuwa mtumwa wa mwanadamu. Alizaliwa Tarso, naye alikuwa raia wa Rumi kwa kuzaliwa. Alifundishwa torati Yerusalemu miguuni pa Gamalieli. Kwa mikono yake alikuwa fundi wa mahema. Habari za njia ya Dameski mnazijua, na safari zake, na kuvunjikiwa na merikebu. Hatutazirudia. Twende moja kwa moja kwenye waraka wake mfupi kuliko zote, ule kwa Filemoni, ambao una aya 25 tu na ambao makanisani mwetu husomwa mara chache sana.

Filemoni alikuwa Mkristo mwenye mali, na kanisa lilikutana nyumbani kwake. Mtumwa wake aliyeitwa Onesimo alitengana naye, na wasomaji wengi tangu zamani wamefahamu kwamba alitoroka. Huko alikokwenda alikutana na Paulo, aliyekuwa mfungwa na mzee. Onesimo akaamini. Jina lake maana yake ni mwenye kufaa, na Paulo anafanya mzaha mdogo juu ya jina hilo katika aya ya 11. Kisha anamrudisha. Anamwandikia Filemoni ampokee, si kama mtumwa tena, bali kama ndugu mpendwa. Na kama kuna deni lolote, liandikwe juu yake yeye Paulo, naye atalilipa.

Hapa ndipo wengi walipojikwaa. Paulo hakuandika kwa maneno ya wazi kwamba Onesimo aachwe huru. Kwa sababu hiyo, kwa karne nyingi, Wakristo wenye watumwa waliushika waraka huu mkononi na kusema: mnaona, hata Mtume alimrudisha mtoro kwa bwana wake! Lakini torati aliyofundishwa Paulo tangu ujana ilikuwa na amri iliyo kinyume kabisa. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, Mungu anawakataza watu wake kumtoa mtumwa aliyekimbilia kwao. Anawaamuru wamwache akae pamoja nao mahali atakapopachagua yeye mwenyewe, wala wasimwonee. Paulo aliijua amri hiyo. Je, alimrudisha Onesimo kwa kuogopa sheria ya Rumi, au kwa kumwamini Filemoni? Swali hilo wataalamu huliandikia vitabu. Sisi tunataka kuonyesha kwamba liliwahi kuulizwa hapa kwetu, Kisauni na Rabai, na lililotegemea jibu lake lilikuwa maisha ya watu.

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani utafika Kengeleni. Wengi hupita pale kila siku ndani ya matatu wasijue kwa nini mahali pale pameitwa hivyo. Pana kengele ya Frere Town, ambayo wazee husimulia kwamba iligongwa kuwaonya watu wanapokuja wa kuwateka. Injili yenyewe ilikuwa imefika ng'ambo hii mapema zaidi. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, CMS, alimzika mkewe Rosine upande huu wa bara, katika mwezi wa Julai, pamoja na mtoto wao mchanga. Miaka miwili baadaye yeye na mwenzake Johannes Rebmann walijenga Rabai, kwenye vilima vilivyo nyuma ya Mazeras, ambako leo wewe wa Changamwe unafika kwa safari fupi. Watu wengi humwita Krapf mtume wa pwani, nasi hatukatai. Lakini Krapf aliondoka mwaka 1853, na Rebmann akabaki miaka mingi na waumini wachache wa kuhesabika. Waliokuja kumsaidia hawakutoka Ulaya.

Walitoka India. Zamani zile manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini, na baadhi ya watoto waliookolewa walipelekwa Bombay. Huko, katika kituo cha misioni karibu na mji wa Nasik, walilelewa, wakafundishwa kusoma na kazi za ufundi, wakabatizwa na kupewa majina ya Kiingereza. Baadhi ya vijana wa Nasik ndio waliofuatana na David Livingstone katika safari yake ya mwisho, wakawa miongoni mwa waliouchukua mwili wake mpaka pwani baada ya kufa kwake mwaka 1873. Mmoja wao, Matthew Wellington, aliishi Mombasa mpaka alipofariki mwaka 1935. Na mwaka 1864 vijana wawili wa kundi hilo, William Jones na Ishmael Semler, walifika Rabai kumsaidia Rebmann. Mwingine aliyefanya kazi pamoja nao ni George David.

William Jones ndiye tunayetaka mmjue. Alikuwa Myao kwa asili, alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akaokolewa, akavushwa bahari. Fikirini mtoto anayepelekwa pwani ya Afrika kwa kamba, kisha baada ya miaka anateremka katika pwani ile ile akiwa na Biblia, mke na ujuzi wa kazi. Yusufu alikuwa na habari inayofanana na hiyo, ila Yusufu aliwaona tena ndugu zake.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alikuwa ameshauri pawe na mahali pa kuwaweka wanaookolewa, na mwaka 1875 CMS wakaanzisha kijiji ng'ambo ya kisiwa, wakakiita kwa jina lake. Aliyeongoza kazi hiyo, mchungaji William Salter Price, alikuwa amewalea vijana wa Nasik kule India, kwa hiyo Waafrika wa Bombay wakawa mkono wake wa kuume. Wao ndio waliofundisha shule, waliotafsiri, waliohubiri, walioonyesha jinsi ya kupima shamba na kujenga nyumba.

Lakini angalieni jambo hili, maana bila hili hamtaelewa yaliyofuata. Mkataba ule ulizuia kusafirisha watumwa baharini. Haukuondoa utumwa wenyewe. Aliyekwisha kuwa mtumwa katika mashamba ya Malindi, ya Takaungu au ya kandokando ya Mombasa aliendelea kuwa mali ya bwana wake kwa sheria ya nchi. Kwa hiyo watu wa aina mbili walikimbilia misioni. Walikuwapo mateka, walioletwa na manowari, hao walikuwa huru na hakuna aliyewadai. Na walikuwapo watoro, waliokuja kwa miguu usiku, nao kila mmoja alikuwa na mtu anayemtafuta. Mtoro ndiye Onesimo.

Mwaka 1880 wenye watumwa walichoka. Walitishia kuuteketeza mji wa Frere Town, na hatari ilikuwa kubwa hata balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja, John Kirk, ikambidi aje Mombasa. Matokeo yake wakuu wa misioni walikubali kwamba watoro wasipokewe tena. Tusiwahukumu upesi. Walikuwa na mamia ya mateka wa kuwalinda, na walikuwa wageni katika nchi yenye mtawala wake. Tena tuseme kweli yote: Frere Town haikuwa paradiso. Katika miaka hiyo hiyo palikuwa na viboko na kifungo kwa watu walioambiwa wako huru, mpaka malalamiko yakafika London na msimamizi akaondolewa. Waafrika wa Bombay nao walilipwa kidogo na kudharauliwa, na kadhaa waliacha kazi ya kanisa wakatafuta riziki kwingine.

Huko Giriama palikuwa na jibu la namna nyingine. Waumini wa Kigiriama walioanza kwa kujisomea Injili wenyewe walijenga kijiji chao Fuladoyo, wakawapokea watoro bila kumwomba mtu ruhusa. Kiongozi wao alikuwa David Koi. Mwaka 1883 wenye watumwa walimkamata wakamwua. Hakuwa kasisi, hakuwa na cheo chochote cha kanisa, hakuwa na bendera ya taifa lolote juu ya kijiji chake. Tunapohesabu mashahidi wa Afrika Mashariki huwa tunaanza na vijana wa Buganda wa mwaka 1885 na 1886. Tuanze na Koi.

Mwaka 1885 alifika askofu mpya, James Hannington. Jumapili ya Utatu, tarehe 31 Mei, aliwawekea mikono William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi. Watoto wawili waliouzwa wakawa watumishi wa madhabahu. Majuma machache baadaye, tarehe 23 Julai, Hannington alitoka Rabai kwenda Uganda kwa njia mpya ya kupita nchi ya Wamaasai, na Jones akafuatana naye. Walipofika Kwa Sundu, mahali panapoitwa leo Mumias, askofu aliendelea mbele na watu wapatao 50, akamwacha Jones na msafara uliobaki. Tarehe 29 Oktoba askofu aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, pamoja na wengi wa wapagazi wake. Wachache walionusurika walirudi kwa Jones na habari hizo.

Sasa mtazameni shemasi huyu. Ana miezi mitano tu tangu kuwekewa mikono. Yuko mbali na pwani, ana watu wenye njaa na hofu, na askofu wake amekufa. Alingoja kwanza, kwa matumaini kwamba huenda habari si kweli. Kisha akawageuza watu wake akawaongoza kurudi, njia yote, mpaka wakaingia Rabai mwanzoni mwa Februari 1886. Mbele ya msafara walibeba bendera ya buluu iliyoshonwa kwa herufi nyeupe neno moja: Ikabodi. Mnalikumbuka katika Samweli wa Kwanza, sura ya 4, mkwewe Eli anapomwita mtoto jina hilo kwa sababu utukufu umeondoka. Waliokuwa wakimngoja askofu waliisoma bendera kabla mtu hajasema neno.

Habari hiyo ya Hannington imeandikwa mara nyingi, na Jones hutajwa ndani yake kama mtu wa pembeni. Kwa maoni yetu kazi yake kubwa ilikuja baadaye, nayo haikuwa na bendera. Alirudi Rabai akaendelea kuhudumu, na watoro wakaendelea kuja. Ahadi ya wakuu ilikuwa imeandikwa katika barua. Mtoro aliyekuja usiku akivuja damu miguuni hakuijua barua hiyo. Jones aliijua. Lakini yeye alijua na jambo jingine ambalo wakuu wake hawakulijua: alijua kuwa mtoto aliyeuzwa. Watoro wakapata mahali Rabai, wakalima, wakajenga, wakaoa, wakaingia darasa la ubatizo. Paulo, mtu huru, alimrudisha Onesimo na barua. Jones, aliyekuwa Onesimo mwenyewe, hakumrudisha mtu.

Mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, IBEA, ilikuja kuutawala ukanda wa pwani. Mwakilishi wake George Mackenzie alikuta wenye watumwa wamekasirika tena, na hesabu ilipofanywa, watoro waliokuwa katika vituo vya misioni, vya CMS na vya Wamethodisti, walizidi 1,400. Rabai peke yake ilikuwa na karibu 900. Mackenzie aliona mawili: kuwarudisha watu hao, au kuwaruhusu mabwana wao kuwafuata kwa silaha. Akachagua la tatu. Zilikusanywa fedha zaidi ya pauni 3,000, kutoka kwa kampuni, serikali ya Uingereza na marafiki wa misioni, wenye watumwa wakalipwa, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wakapewa hati za uhuru pale Rabai.

Tunaposoma habari hii tunakumbuka ile aya ya 18 ya Filemoni: deni liandikwe juu yangu. Ndivyo ilivyokuwa, mtu mwingine alilipa. Na bado kuna kitu kinachotukwaza, hatutaki kukificha. Waliolipwa ni mabwana. Aliyelima shamba la mwenziwe miaka kumi bila ujira hakupata hata pesa moja. Alipata karatasi inayosema kwamba sasa yeye ni mali yake mwenyewe. Nani alikuwa mdeni wa nani? Paulo aliligusa jambo hilo kwa werevu. Akiisha kusema kwamba atalipa, anamkumbusha Filemoni, kama kwa kupita tu, kwamba yeye Filemoni naye anadaiwa, tena anadaiwa nafsi yake. Hatujui mahali pengine katika nyaraka zake ambapo anamkamata mtu kwa upole namna hiyo.

Wengine watasema: Jones alivunja ahadi ya kanisa lake, akahatarisha mamia ya mateka kwa ajili ya watoro. Ni kweli kwamba hatari ilikuwapo. Fuladoyo ilikuwa imeonyesha. Sisi tunaona kwamba alishika neno la Kumbukumbu la Torati mahali ambapo wakuu wake walishika nusu ya waraka kwa Filemoni. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Kama Rabai ingalingoja sheria, watoro wengi wangalizeeka mashambani.

Watu wa Frere Town waliandika habari zao wenyewe. James Mbotela, wa ukoo wa mateka hao, aliandika kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kikachapishwa mwaka 1934. Katika ukoo huo huo alizaliwa, hapo Frere Town mwaka 1940, Leonard Mambo Mbotela, ambaye sauti yake wengi wenu mliijua redioni tangu miaka ya sitini hadi alipofariki mwaka 2025. Kila juma aliwauliza Wakenya: Je, huu ni ungwana? Wazee wa pwani wanajua kwamba muungwana, kwa maana ya kale, ni mtu asiye mtumwa.

Na mwaka 1903 palifunguliwa Frere Town chuo cha kuwafundisha watumishi wa kanisa. Mwaka 1930 kilihamishiwa Limuru, na tangu 2007 ni chuo kikuu. Kinaitwa kwa jina la Mtakatifu Paulo.

Anayependa kutangulia kabla ya kipindi kijacho na asome Wakolosai 4:7-9. Onesimo anatajwa tena huko, safari hii akiwa njiani pamoja na Tikiko, ametumwa.